Pensheni ya Ulemavu na Kazi: Tujue Kwanza Fedha Inalipwa kwa Sababu Gani



Katika parokia nyingi yuko mtu anayepokea pensheni kila mwezi kwa sababu ya ulemavu alioupata ukubwani. Pengine alikuwa fundi wa mashine ya kupasua mbao, msumeno ukamkata mkono. Pengine alikuwa dereva wa lori akavunjika mgongo, au mwalimu aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa kisukari. Bado ana akili timamu, ana ujuzi, na ana watoto wa kusomesha. Jumuiya inakaa kikao na kumwambia, "Ndugu, tumekupatia cherehani." Anashukuru sana, lakini wiki zinapita bila yeye kuja kuichukua. Au anaichukua na kushona usiku mlango ukiwa umefungwa, na akisikia hodi anaifunika kwa kitenge.

Watu husema huyu ni mvivu, au amezoea kupewa. Mara nyingi si uvivu, bali ni hofu yenye sababu. Mtu huyu ana maswali mawili moyoni: "Nikionekana nafanya kazi, watanikatia pensheni? Na wakinikatia, kisha kazi ikaisha, nitarudi wapi?"

Makala hii inakusudia kueleza hofu hiyo inatoka wapi, nchi nyingine zimejifunza nini juu yake, na kamati ya parokia inaweza kufanya nini. Tutatumia zaidi mfano wa Tanzania Bara. Jambo kuu tunaloomba likumbukwe ni hili: kabla ya kumhimiza mtu aanze kazi, tujue fedha anayopokea inalipwa kwa sababu gani. Ushauri mwema usio na taarifa sahihi unaweza kuiacha familia bila chakula.

Fedha za aina tatu, sababu tatu

Mitaani tunaziita zote "pensheni ya ulemavu". Ukweli ni kwamba zipo angalau fedha za aina tatu, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni fidia ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Kwa Tanzania Bara inasimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunaujua kwa herufi zake, WCF. Mfuko huu uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ulianza kupokea michango mwaka 2015 na kulipa mafao mwaka 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu katika mshahara wake kwa ajili hiyo. Kabla ya hapo ilitumika sheria ya zamani ya enzi ya ukoloni, ambayo ukomo wa malipo yake ulikuwa mdogo kiasi kwamba miaka ilivyopita haukutosha hata gharama za matibabu.

Chini ya mfuko huu madaktari hupima kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Aliyepimwa asilimia 30 au chini ya hapo hulipwa mkupuo mmoja. Aliyezidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, inayokokotolewa kwa kutazama mshahara aliokuwa nao na asilimia ya ulemavu. Tuangalie vizuri kinachopimwa hapa. Kinachopimwa ni madhara yaliyoupata mwili wa mtu. Aliyepoteza mkono ameupoteza, hata akipata kazi ya kupokea simu ofisini.

Ya pili ni pensheni ya ulemavu kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii. Tangu mwaka 2018 ni NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa watumishi wa umma. Hii humsaidia mwanachama aliyechangia kwa muda uliowekwa, kisha akapata ulemavu hata kama haukutokana na kazi. Hapa swali la msingi ni tofauti. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997, kwa mfano, ilimtazama mwanachama kama mwenye ulemavu pale alipopoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Kinachopimwa ni uwezo wa kupata kipato. Kwa hiyo, mtu akianza kupata mshahara kamili, ni jambo la kawaida mfuko kuuliza kama hali yake imebadilika.

Ya tatu ni ruzuku kwa kaya maskini, kama ile iliyotolewa na TASAF kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2013. Hii haikuhitaji mtu awe amewahi kuajiriwa wala kuchangia mfuko. Kinachotazamwa ni umaskini wa kaya nzima. Kuwa na ulemavu ni sababu ya kaya kuangaliwa kwa karibu zaidi, lakini kipimo cha kwanza ni hali ya maisha ya nyumba.

Ndugu zetu wa Kenya wana utaratibu wao. Sheria yao ya mafao ya walioumia kazini ya mwaka 2007 humlipa aliyepata ulemavu kamili wa kudumu mkupuo unaolingana na mishahara ya miezi 96, wala si pensheni ya kila mwezi. Tena tangu mwaka 2011 serikali ya Kenya imekuwa na mpango wa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Kiwango kimekuwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Tunaona basi kwamba swali la "nikifanya kazi watanikatia?" halina jibu moja. Kwa fedha inayolipa madhara ya mwili, jibu hutegemea kipimo cha madaktari. Kwa fedha inayolipa uwezo uliopotea wa kupata kipato, jibu hutegemea kipato chenyewe. Kwa fedha inayolipa umaskini, jibu hutegemea kaya imeinuka kiasi gani. Mwenye fedha ya aina ya kwanza anaweza kuogopa bila sababu kwa kuwa jirani yake mwenye fedha ya aina ya pili alisimamishiwa malipo. Na mwenye aina ya pili anaweza kudanganyika kwamba hakuna neno, kwa kuwa mwenye aina ya kwanza hakuguswa.

Hesabu ya mtu anayeogopa

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone hesabu ilivyo. Tuseme baba mmoja anayetumia magongo anapokea pensheni ya shilingi 180,000 kwa mwezi. Anapata kazi ya kutunza stoo mjini kwa shilingi 260,000. Mtu mwingine angesema kazi inalipa zaidi, achukue kazi.

Lakini baba huyu hawezi kupanda daladala wakati wa msongamano. Anahitaji bajaji, shilingi 4,000 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 104,000. Chakula cha mchana ni shilingi 2,000 kwa siku, jumla 52,000. Katika mshahara wa 260,000 anabaki na 104,000. Kama pensheni itakatwa siku anapoanza kazi, amefanya kazi mwezi mzima ili awe na pungufu la shilingi 76,000 kuliko alipokuwa nyumbani. Kama pensheni itaendelea, atakuwa na shilingi 284,000, na familia itainuka.

Tuongeze jambo moja zaidi. Kazi ya stoo ni ya mkataba wa miezi 3. Pensheni ni ya kila mwezi, na ilimchukua muda mrefu kuipata: vipimo, vyeti, mihuri, safari za ofisini. Anapopima kazi ya miezi 3 dhidi ya pensheni ya miaka, hesabu yake si ya kijinga. Sisi wenye afya tungefanya hesabu hiyo hiyo.

Wenzetu waliotangulia: Marekani

Nchi zilizoanza kulipa pensheni hizi mapema zimekutana na tatizo hili kwa ukubwa, nasi tunaweza kujifunza kwao bila kurudia makosa.

Marekani iliweka pensheni ya ulemavu katika mfumo wake wa hifadhi ya jamii mwaka 1956. Mwanzoni ilikuwa kwa watu wa miaka 50 hadi 64. Mwaka 1960 ikafunguliwa kwa wenye umri mdogo pia. Sharti lake ni kwamba mtu hawezi kufanya kazi ya kipato cha maana. Kipato hicho kimewekewa kiwango. Mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu. Anayezidi kiwango hicho, baada ya muda wa kujaribu kwisha, hapunguziwi kidogo kidogo. Anakosa hundi yote ya mwezi ule. Ni kama kutembea juu ya ukingo wa shimo: hatua moja zaidi na umeanguka. Watu wengi hujizuia wasifike karibu na ukingo huo.

Serikali yao ililiona hilo na kuweka njia za kurudi. Mpokeaji anaruhusiwa miezi 9 ya kujaribu kazi ndani ya kipindi cha miezi 60, na katika miezi hiyo 9 anapata mshahara na pensheni yote. Baada ya hapo kuna miezi 36 ambayo, mwezi atakaopata chini ya kiwango, pensheni hurudi bila maombi mapya. Sheria ya mwaka 1999 iliongeza nafasi nyingine: aliyeacha pensheni kwa sababu ya kazi, kisha akashindwa tena kwa ulemavu ule ule ndani ya miaka 5, anaweza kuomba arejeshewe kwa njia ya haraka.

Je, watu walikimbilia kazini? La. Kwa mwaka, chini ya mtu 1 katika kila 100 wa wapokeaji huondoka kwenye pensheni kwa sababu ya kupata kazi. Sababu ni nyingi. Wengi ni wagonjwa sana au wamekaribia uzee. Wengine wamekaa nje ya kazi miaka mingi na waajiri hawawataki. Lakini sababu mojawapo inatuhusu moja kwa moja: kanuni hizo njema ni ngumu kuzielewa. Kwa mtu asiyejua kwamba njia ya kurudi ipo, ni sawa na njia hiyo kutokuwepo.

Huko huko Marekani, katika jimbo la New Hampshire, miaka ya 1990 ilianzishwa njia ya kuwasaidia watu wenye magonjwa makubwa ya akili kupata ajira ya kawaida. Badala ya kuwaweka kwenye mafunzo yasiyokwisha, walitafutiwa kwanza kazi halisi waliyoipenda, kisha wakasaidiwa wakiwa ndani ya kazi. Sehemu moja ya njia hiyo ni kwamba kila mtu hukaa na mshauri anayemweleza pensheni yake itaathirika vipi kabla hajaanza. Njia hii imepimwa katika nchi mbalimbali, na mara nyingi waliopata kazi walikuwa karibu mara mbili ya wale waliosaidiwa kwa njia za zamani. Ushauri wa namna hiyo hauhitaji jengo wala gari. Unahitaji mtu mvumilivu anayejua kanuni.

Uholanzi: dawa ni mapema

Uholanzi ilianza pensheni yake kubwa ya ulemavu mwaka 1967, ikiwa na malipo mazuri na masharti mepesi. Kufikia mwaka 1990 wapokeaji walikuwa karibu 900,000 katika nchi yenye watu kama milioni 15. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ruud Lubbers, alisema wazi kwamba nchi ilikuwa mgonjwa. Kumbe wengi hawakuwa wagonjwa wa kushindwa kila kazi. Waajiri waliotaka kupunguza watu, na vyama vya wafanyakazi vilivyotaka watu wao waondoke kwa heshima, wote waliona pensheni ya ulemavu ni mlango rahisi wa kutokea.

Marekebisho yaliyofaa zaidi hayakuanza kwa waliokuwa tayari kwenye pensheni. Yalianza kwa mfanyakazi aliyeumwa jana. Sheria ya mwaka 2002 ilimtaka mwajiri na mfanyakazi wafanye mpango wa kurudi kazini ndani ya majuma 8 ya kwanza ya ugonjwa. Tangu mwaka 2004 mwajiri anabeba mshahara wa mgonjwa kwa miaka 2. Kwa hiyo ana sababu ya kumtafutia kazi nyepesi, kubadilisha meza au kupunguza saa. Mwaka 2006 ikaanza sheria mpya inayotofautisha asiyeweza kazi kabisa na anayeweza kiasi. Huyu wa pili hupata nafuu zaidi akifanya kazi kuliko akikaa. Idadi ya wanaoingia kwenye pensheni ilipungua sana.

Tusifiche upande wa pili. Waliopimwa upungufu wa chini ya asilimia 35 hawapati pensheni hiyo, na wengi wao hawakupata kazi pia. Kubana mlango wa pensheni bila kufungua mlango wa ajira ni kuwaacha watu uani.

Mafunzo mawili tunayochukua ni haya. Kwanza, kila mwezi mtu anaokaa nje ya kazi unafanya kurudi kuwe kugumu zaidi, kwa hiyo juma la kwanza ni bora kuliko mwaka wa tatu. Pili, mtu huthubutu kujaribu akijua njia ya kurudi iko wazi.

Sheria zetu zinasemaje juu ya ajira

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 27 ya mkataba huo inataja haki ya kazi kwa usawa na wengine, pamoja na misaada ya kumwezesha aliyepata ulemavu kubaki kazini au kurudi kazini.

Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu wenye sifa. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zinamtaka mwajiri asikimbilie kumwachisha kazi aliyeumia au kuugua. Aangalie kwanza ukubwa wa tatizo, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine.

Sheria ya Fidia nayo haiishii kwenye fedha. Miongoni mwa mafao yake ni utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu katika hali ya kujitegemea: mazoezi ya viungo, mafunzo ya kazi nyingine, na msaada wa kurudi katika jamii. Familia nyingi hufurahi pensheni inapoanza kulipwa na haziulizi tena juu ya fao hili. Kamati iulize.

Mwajiri ni nani? Ni sisi pia

Tunaposoma habari ya asilimia 3, mawazo huenda kwenye viwanda na mabenki. Tuangalie kwanza nyumbani. Hospitali ya kanisa yenye wafanyakazi 120 inaguswa na sheria hii: asilimia 3 ya 120 ni watu 3 na sehemu. Shule ya sekondari yenye walimu, wapishi, walinzi na madereva 30 inaguswa pia. Je, tumewahi kuhesabu?

Tena, mpishi wa shule ya awali, mlinzi wa parokia na dereva wa mradi ni wafanyakazi. Mwajiri wao anatakiwa kuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia na kuwachangia. Mlinzi akianguka kutoka kwenye paa la ukumbi na kuvunjika mgongo, asiwe mtu wa kuchangiwa kwenye bahasha siku ya Jumapili wakati ilikuwa haki yake kulipwa. Madai yafikishwe kwenye mfuko mapema. Sheria imeweka muda wa miezi 12 tangu ajali itokee au ugonjwa ugundulike. Miezi hiyo huisha upesi mtu akiwa kitandani na hakuna anayemfuatilia.

Kwamba kazi inawezekana, mifano ipo nchini. Mjini Iringa, Neema Crafts, mradi wa Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha ulioanza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache, umekua na kuajiri watu wengi wenye ulemavu katika ufumaji, utengenezaji wa karatasi na kazi nyingine za mikono. Katika mkahawa wake wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi. Serikali nayo ina vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kikiwamo cha Yombo, Dar es Salaam.

Kamati ifanye nini

Tunapendekeza hatua zifuatazo. Hazihitaji bajeti kubwa.

1. Omba kuona barua. Kila malipo yana barua ya uamuzi inayoonyesha ni mfuko gani, fao gani, kiwango gani cha ulemavu, na kama kuna tarehe ya kupimwa tena. Mtu wa kuisoma awe mmoja anayeaminika, si kikao kizima. Hii ni siri ya mtu.

2. Uliza kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Msaidie mhusika aandike barua kwa ofisi ya mfuko wake: "Nimepata kazi ya aina hii, kwa muda huu, kwa malipo haya. Je, pensheni yangu itaathirika vipi? Kazi ikiisha, nitafanya nini?" Nakala moja ibaki kwake ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Tusitegemee maneno ya kaunta wala uzoefu wa jirani.

3. Usishauri kuficha. Kufanya kazi kwa siri kunamweka mtu katika hatari ya kudaiwa fedha baadaye, tena kunamfanya mtumwa wa kila anayejua siri yake.

4. Anza kidogo kidogo. Ongea na mwajiri juu ya majaribio ya miezi 3, nusu siku au siku tatu kwa juma. Mwili ukikataa, mtu asionekane ameshindwa. Amejaribu na amejua kipimo chake.

5. Mtembelee aliyeumia ndani ya juma la kwanza. Wanaotembelea wagonjwa waongeze maswali mawili: Je, mwajiri ametoa taarifa ya ajali? Je, mwajiri anajua kwamba unataka kurudi? Ujumbe wa mapema kutoka kwa mtu mmoja wa kamati unaweza kuokoa ajira ya miaka 20.

6. Kataa mshahara wa "si una pensheni". Wapo waajiri wanaomlipa mwenye ulemavu pungufu kwa kuwa anapata fedha kwingine. Pensheni ni ya kufidia alichopoteza, haikuwekwa ili kumpunguzia mwajiri gharama. Kazi sawa, malipo sawa.

7. Waulize maafisa. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri wanajua nafasi za mafunzo na za mitaji, ikiwamo mikopo isiyo na riba inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 2 imetengwa kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa katika utaratibu mpya, kwa hiyo kamati iulize utaratibu wa sasa. Vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe, vilivyoungana chini ya SHIVYAWATA, vina wanachama waliokwisha kupita njia hii. Wao ndio walimu wetu.

Neno kwa wafadhili

Wafadhili wetu wapendwa mara nyingi hutuuliza ni watu wangapi wenye ulemavu wamepewa mafunzo au vifaa. Ni swali zuri. Tunaomba tuongeze lingine: ni wangapi bado wako kazini baada ya mwaka mmoja, na pensheni yao iko salama?

Turudi kwa baba wa magongo. Kilichokuwa kinamzuia ni nauli ya shilingi 104,000 kwa mwezi na hofu ya kutorudi. Msaada wa nauli kwa miezi 3 ya majaribio ni shilingi 312,000. Ngazi mbili za stoo zikigeuzwa kuwa mteremko wa saruji, hiyo ni kazi ya fundi mmoja. Cherehani ya kuzungusha kwa mkono humfaa mtu ambaye miguu yake haifanyi kazi. Ya kukanyaga ingemfaa aliyepoteza mkono kama mashine itarekebishwa kidogo, na yeye mwenyewe ndiye aulizwe. Misaada ya namna hii midogo, inayotolewa kwa wakati, huziba pengo ambalo pensheni haikupangwa kuliziba. Tunachoomba isifanyike ni mfadhili kulipa mshahara badala ya mwajiri, kwa sababu mradi ukiisha na kazi inaisha.

Na wasioweza?

Tungekosea kama makala hii ingesomwa kwamba kila mpokeaji pensheni lazima afanye kazi. Wapo ambao maumivu hayawaachi, na wapo waliokwisha kufanya kazi yao na miili yao imechoka. Kwao pensheni ni haki kamili, wala wasiulizwe kila Jumapili wataanza lini. Thamani ya mtu haitokani na mshahara wake. Hata huko Marekani kwenye njia nyingi za kurudi, walio wengi hubaki kwenye pensheni, na wengi wao wanastahili kubaki.

Tunachotaka ni uchaguzi wa kweli. Anayetaka kujaribu ajaribu bila kuhatarisha chakula cha watoto wake, na asiyeweza apumzike bila kusimangwa.

Kwa robo mwaka hii tunaomba kila kamati ifanye jambo moja tu. Mtafuteni mtu mmoja katika parokia yenu anayepokea pensheni ya ulemavu, kaeni naye, someni barua yake pamoja, na kama anataka kufanya kazi, andikeni pamoja barua ya kuuliza. Majibu mtakayopata kutoka ofisi husika tuleteeni, bila majina ya watu, ili yawasaidie na wengine katika matoleo yajayo.